Jina la chuo au ufadhili? Jibu kwa anayetaka kusomea sera na usalama wa kimataifa

Swali la msomaji, kwa ufupi: Nina miaka 27 na shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi katika shirika la misaada ya kibinadamu, nikikusanya na kuchakata taarifa za matukio ya ghasia. Nataka kuingia kwenye kazi za usalama wa kimataifa: Umoja wa Mataifa, jumuiya za kikanda au taasisi za uchambuzi. Nimekubaliwa na vyuo viwili vya nje kusoma uzamili. Kimoja kina jina kubwa, kozi ni ya miaka miwili na hakina ufadhili, itabidi nikope. Cha pili hakivumi sana, kozi ni ya mwaka mmoja, na kimenifutia ada yote. Kila ninayemuuliza ananiambia jina la chuo haliachwi. Wewe ungefanyaje? Na je, nikimaliza niunganishe uzamivu?

Ndugu msomaji,

Chukua ufadhili. Nimeanza na jibu kwa sababu ndivyo wanavyoandika watu wa fani unayoiendea: uamuzi juu, sababu chini. Ila jibu langu lina sharti. Kozi ya mwaka mmoja hupita upesi mno, na asiyejua amekwenda kuchukua nini hurudi na cheti na picha za mahafali, basi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barua hii inahusu utakachokifanya ukishafika darasani kuliko chuo chenyewe.

Kwanza tuielewe shahada yenyewe. Shule ya masomo ya mambo ya nje ya Chuo Kikuu cha Georgetown ilianzishwa 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imemalizika tu. Taasisi ya uzamili ya Geneva ilianza 1927, katika mji uliokuwa makao ya Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa. Shule ya Fletcher ya Marekani ikafuata 1933. SAIS, shule ya masomo ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyopo Washington, ilianzishwa na Paul Nitze na Christian Herter mwaka 1943, vita vya pili vikiwa bado vinapiganwa, kwa hesabu kwamba vikiisha watahitajika watu wa kuiendesha dunia itakayobaki. Utaona mtiririko: kila mara kulikuwa na viti vinavyosubiri watu, ndipo shule ikaja. Haya ni mafunzo ya kazi, kama ya sheria au udaktari. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Daktari asiye na shahada hapati leseni, ilhali mchambuzi wa usalama haulizwi leseni na mtu. Hakuna bodi inayomsajili, hakuna mtihani wa taifa wa kumthibitisha. Thamani ya cheti chako itapimwa kwa kile unachoweza kukifanya siku ya kwanza unapoketishwa mezani na kupewa faili.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasema wanataka "kazi za usalama wa kimataifa" kana kwamba ni kazi moja. Mkaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kule Vienna kwa kawaida ni mtu wa fizikia, kemia au uhandisi, na shahada ya sera haitamfanya mtu kuwa mkaguzi hata akiisoma mara tatu. Wataalamu wanaofuatilia vikwazo kwa niaba ya kamati za Baraza la Usalama huchaguliwa kwa fungu: mmoja wa silaha, mmoja wa fedha, mmoja wa maliasili, mmoja wa usafiri wa anga. Wengi wao walianzia forodhani, polisi au kwenye benki, na waliitwa kwa sababu wanajua kuisoma ankara ya mizigo na kuona pale inapodanganya. Ofisa wa masuala ya siasa anaishi kwa kuandika. Mpatanishi anaishi kwa kusikiliza, na huyo sijawahi kuona chuo kinachomtengeneza kwa mwaka mmoja.

Wewe tayari una meza yako, nadhani hujaiona tu. Misheni za ulinzi wa amani za Umoja wa Mataifa zina vituo vya pamoja vya uchambuzi, ambako wanajeshi, polisi na raia hukaa chumba kimoja wakigeuza taarifa za matukio kuwa tathmini ya hatari kwa mkuu wa misheni. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya kwa miaka mitatu, bila kofia ya buluu ya walinda amani. Sehemu kubwa ya utakaokutana nao darasani watakuwa wamesoma kuhusu taarifa za aina hiyo, na wewe umezikusanya kwa mkono wako. Usiitupe sifa hiyo kwa kukimbilia mada mpya kila muhula.

Sasa deni. Nitasema la kwangu, kwani ushauri wa bure bila kovu hauna uzito. Mimi nilichukua jina. Chuo kilikuwa kizuri, sikidai kitu. Lakini kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu nilikataa kazi mbili za uwandani ambazo ndizo hasa nilizozisomea, kwa sababu mshahara wake usingefikia rejesho la mkopo. Niliishia ofisi ya ushauri wa kibiashara nikiandika ripoti za hatari za uwekezaji ambazo sidhani kama zilisomwa hadi ukurasa wa pili. Deni lilinichagulia kazi.

Na wakati ule soko lilikuwa linapanuka. Leo linasinyaa. Misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Mali, mojawapo ya kubwa kabisa, ilifungwa mwisho wa 2023 baada ya serikali ya nchi hiyo kuitaka iondoke. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikoma kufanya kazi kama shirika tarehe 1 Julai 2025, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiajiri watu wenye wasifu kama wako yalikuwa yanaishi kwa fedha zake. Mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alizindua mpango wa UN80 wa kupunguza gharama na kupanga upya taasisi nzima, na nafasi za kazi zimekuwa zikikatwa. Sikuambii haya ili ukate tamaa. Nasema tu kwamba anayehitimu leo anatakiwa aweze kungoja: miezi minane, pengine mwaka, akipokea mikataba mifupi mifupi. Mwenye rejesho la kila mwezi hawezi kungoja.

Wanaokuambia jina haliachwi hawasemi uongo, wanasema nusu. Chuo chenye jina kinakupa mtandao wa wahitimu na wageni wazito wanaopita kila wiki, na mara nyingi kinakupa pia mahali penyewe: Washington, London, Paris, Geneva. Hayo ni mali. Ila omba takwimu zao za ajira, kisha uliza swali ambalo halimo kwenye kijitabu chao: katika walioajiriwa, wangapi walikuwa wanafunzi wa kigeni, na walikwenda wapi? Kwenye vyuo vya Marekani, hesabu hizo huchanganya walioajiriwa na serikali ya nchi yao na kampuni zinazoihudumia wizara ya ulinzi. Kazi nyingi za aina hiyo zinadai kibali cha kuona siri za serikali, na kibali hicho kwa kawaida hupewa raia peke yao. Ukiwa mgeni, mlango huo umefungwa hata ukiwa wa kwanza darasani. Nchi nyingine nyingi zina kanuni kama hiyo kwa upande wa ulinzi na ujasusi.

Umoja wa Mataifa nao una hesabu yake, baridi kweli. Ngazi ya P-2, ya chini kwa wataalamu wake, kwa kawaida inadai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka miwili, na P-3 uzamili na miaka mitano. Asiye na uzamili mara nyingi hukubaliwa akiwa na shahada ya kwanza na miaka miwili ya ziada kazini. Soma tena sentensi hiyo. Kwenye fomu yao, uzamili wa mwaka mmoja na wa miaka miwili huingia kisanduku kilekile. Wanachokagua ni kama chuo kinatambuliwa, hivyo kabla ya kukubali nafasi hakikisha chuo chako kimo kwenye hifadhidata ya vyuo ya Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu. Kikikosekana humo, jibu langu lote linageuka.

Kuna na mlango ambao hauhitaji uzamili kabisa: mtihani wa vijana wataalamu wa Umoja wa Mataifa, unaojulikana kama YPP. Masharti yake ni shahada ya kwanza, umri usiozidi miaka 32, Kiingereza au Kifaransa, na uraia wa nchi iliyomo kwenye orodha ya mwaka huo. Orodha hubadilika kila mwaka kwa kadiri nchi inavyowakilishwa, na fani zinazotahiniwa hubadilika pia. Wewe una 27, una muda. Wapo pia maofisa vijana ambao serikali wahisani huwalipia mishahara ndani ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Serikali nyingi huwalipia raia wao tu, chache hulipia na wengine, kwa hiyo soma tangazo hadi mwisho kabla hujalifunga.

Tuje kwenye sharti, yaani mwaka wako.

Kitu cha kwanza utakachotakiwa kukisahau ni insha. Chuoni tulifundishwa kuanza na historia ya tatizo, kupitia walioandika kabla yetu, kisha mwishoni kabisa kunong'ona maoni. Waraka wa sera unageuza yote hayo. Ni kurasa mbili kwa mtu mwenye dakika kumi ambaye jioni atapiga kura. Chukua mfano wa vikwazo vya silaha ambavyo muda wake unaisha. Mwanafunzi mpya huandika: "Vikwazo vya silaha vimekuwa vikitumiwa na Baraza la Usalama kwa muda mrefu kama nyenzo ya kudhibiti migogoro." Kweli, na bure. Aliyeiva huandika: "Napendekeza tuunge mkono kuongeza vikwazo kwa miezi sita badala ya kumi na miwili. Tuna kura nane za uhakika. Ya tisa tutaipata tukikubali kulegeza kipengele cha vifaa vya polisi. Hatari yake ni kwamba baada ya miezi sita tutarudi hapahapa tukiwa na wanachama wapya." Hapo anayesoma anaweza kukubali, kukataa au kuuliza. Na ona hesabu: azimio la Baraza linahitaji kura tisa kati ya 15, na asiwepo hata mmoja wa wale watano wa kudumu aliyetumia turufu. Waraka usiotaja kura ya tisa itatoka wapi haujamaliza kazi.

Jihadhari pia na ugonjwa wa njia tatu. Karibu kila anayeanza huleta chaguo la kwanza ambalo ni vita, la tatu ambalo ni kusalimu amri, na la katikati ambalo ndilo alilolitaka tangu asubuhi. Mkubwa wako ameshaiona hila hiyo mara mia. Andika chaguo unalolipinga kwa namna ambayo mwenye kuliamini angesema, naam, hayo ndiyo maneno yangu. Nikiwa nasahihisha huwa naanzia hapo, maana ndipo panapoonyesha kama mtu amefikiri.

Andika waraka mmoja kila wiki mbili, upewe alama usipewe. Mwishoni mwa mwaka utakuwa na ishirini na kitu, ambazo nne zitafaa kuonyeshwa kwa mwajiri. Hakuna barua ya mdhamini inayozifikia.

La pili ni takwimu, na hapa nataka uwe mkali kuliko wenzako, kwa kuwa una mtaji. Watu wa sera wananukuu namba za vita kama wanaonukuu bei ya sukari. Chuo Kikuu cha Uppsala huhesabu mgogoro wa silaha kuanzia vifo 25 vya mapigano kwa mwaka, na kuuita vita ukifika 1,000. ACLED, mradi wa kukusanya data za ghasia na maandamano, huandika tukio moja moja, hata maandamano yasiyo na kifo. Chukua nchi ileile, mwaka uleule, na wa kwanza anaweza kukuonyesha utulivu huku wa pili akikuonyesha nchi inayochemka. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amepima kitu chake. Au hifadhidata ya SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, kuhusu uhamishaji wa silaha: kipimo chake ni cha ukubwa wa uwezo wa kijeshi uliohama, hakionyeshi fedha zilizolipwa. Kila mwaka nasoma tasnifu inayokitumia kama dola. Wewe uliyewahi kukaa usiku ukibishana kama miili mitatu barabarani ni tukio moja au matatu unaelewa haya kwa mifupa. Ongezea kozi ya takwimu ambayo wenzako wataikimbia, jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchakata data, kwa kiwango cha kujitegemea, na uchoraji wa ramani za kidijitali. Usilenge kuwa mwanatakwimu. Lenga kuwa yule mtu pekee katika kikao anayejua namba iliyoko ubaoni imetoka wapi.

La tatu, sheria kidogo, ila isomwe vizuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ni mfupi. Ibara ya 2(4) inayokataza matumizi ya nguvu, ya 51 inayoruhusu kujilinda, na Sura ya Saba yote, zisome hadi uweze kuzieleza bila karatasi. Kisha jifunze kusoma azimio kwa vitenzi vyake. Baraza "linapoamua" limewafunga wanachama, linapo"toa wito" limeomba, na linapo"eleza wasiwasi" limepumua tu. Wanadiplomasia huweza kukesha wakivutana juu ya kitenzi kimoja, na mgeni anayesoma azimio hilohilo asubuhi haoni kitu.

Lugha nitaipitia haraka. Sekretarieti inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na lugha rasmi ni hizo pamoja na Kiarabu, Kichina, Kihispania na Kirusi. Kama huna Kifaransa, mwaka huo uuanze na uumalize nacho.

Utapata pia zoezi la kuigiza mgogoro, siku mbili bila usingizi, mmoja rais, mwingine jenerali. Shiriki kwa moyo wote hata kama inaonekana mchezo wa watoto. Karibu kila shule hufundisha mgogoro wa makombora ya Kuba wa 1962, zile siku kumi na tatu ambazo Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikaribia vita vya nyuklia. Kinachonivutia humo si ujasiri wa Rais Kennedy wa Marekani. Ni kwamba Marekani iliahidi kimyakimya kuyaondoa makombora yake yaliyokuwa Uturuki, na ahadi hiyo ikafichwa kwa miaka mingi. Ina maana vizazi vya wanafunzi vilihitimu vikiamini kwamba aliyekaza msuli ndiye aliyeshinda, kwa sababu ukurasa wa biashara yenyewe haukuwemo kwenye faili. Kila utakaposoma kisa cha usalama, jiulize ukurasa gani haujafunguliwa.

Kuhusu kozi uliyopewa, fungua mtaala uangalie vitu vichache. Kuna mradi wa mteja, yaani ofisi halisi inayoleta swali lake na wanafunzi wakalijibu? Kuna somo la mbinu za utafiti la lazima? Wanaofundisha wamewahi kufanya kazi, na wanaofanya kazi wamewahi kufundisha? Hilo la mwisho nalisema kwa sababu mabalozi wastaafu wanaweza kukaa muhula mzima wakisimulia walivyokula chakula cha jioni na nani. Ni simulizi tamu, lakini mtihani wa maisha hautaki tamu. Kwa wengine watakaosoma barua hii ambao bado hawajaomba: jina la chuo ndani ya fani lina uzito kuliko jina lake kwa watu wa nje. Mwenye nia ya silaha za nyuklia alikuwa akiitazama Middlebury kule Monterey, Marekani, ambayo watu wa nje ya fani hawakuijua, hadi ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inazifunga kozi zake za uzamili za hapo. Mwenye nia ya vita na mkakati ataitazama idara ya masomo ya vita ya King's College London. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inakuzungusha nchi zaidi ya moja, na DAAD ya Ujerumani ina mpango wa sera za umma kwa jina la Helmut Schmidt.

Nina wasiwasi mmoja na ofa yako. Umesema wamekufutia ada. Ada haili, hailipi kodi ya chumba, na ubalozi utataka kuona fedha za kujikimu kabla ya kukupa viza. Tena mafunzo kwa vitendo ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana mshahara. Piga hesabu ya miezi kumi na minane, kwa maana ya mwaka wa masomo na nusu mwaka wa kutafuta kazi. Ikipungua, waandikie waulize nafasi ya usaidizi wa utafiti, na utaje waziwazi kwamba unajua kusafisha data za matukio. Profesa anayehitaji mtu wa hivyo hakosekani.

Uzamivu, hapana, kwa sasa. Ni kazi ya miaka minne au zaidi, inayokufundisha kujibu swali moja kwa ukamilifu, wakati meza unayoitaka hujibu maswali matano kwa siku kwa asilimia sitini. Taasisi chache za uchambuzi huupenda kwa nafasi za juu. Ukifika miaka kumi kazini na kuna swali linalokunyima usingizi na hakuna aliyelijibu, hapo tuzungumze.

Kabla hujakikataa kile chuo chenye jina, waandikie barua fupi ya heshima: kwamba ulitamani kusoma kwao, kwamba umepata msamaha wa ada yote kwingine, na kama wanaweza kuangalia upya suala la ufadhili. Vyuo hurudishiwa fedha za wafadhiliwa waliojitoa, na mara nyingine humgawia aliyeuliza. Wakileta nusu, bado chukua kile cha pili. Wakileta yote pamoja na posho ya kujikimu, niandikie tena, kwa sababu hapo swali litakuwa jingine. Usivuke tarehe ya mwisho ya kile kilichokufutia ada ukisubiri jibu.